Kitabu cha Majasusi kwenye Viti vya Dirishani

Wadogo zangu wa zamu ya asubuhi, mliponiaga mlinipa keki, kadi yenye saini zenu, na kazi. Kazi yenyewe ni kuandika ninayoyakumbuka kabla hayajanitoka. Mmoja wenu akaongeza kwamba nisiandike habari za vyeo. Aondoe wasiwasi. Vyeo nilivyopata sivikumbuki kwa mpangilio, na mishahara tulikula. Ninachokumbuka ni mikono ya watu, na mlio wa mashine, na maneno waliyoniambia watu wakiwa nusu macho, nusu usingizini.

Nilipoanza kazi ya kuwasafisha damu wagonjwa wa figo hapa ugenini Westmead, nilikuwa nimeshakuwa muuguzi nyumbani, Voi na baadaye Mombasa, kwa hiyo nilidhani ninajua kuchoma sindano. Siku ya kwanza Sista Luz, Mfilipino mfupi aliyekuwa mkuu wa zamu, alininyang'anya sindano kabla sijaifungua. Alinishika vidole akaviweka juu ya mkono wa mgonjwa, pale ambapo daktari wa upasuaji huunganisha mishipa miwili ili damu itoke kwa nguvu ya kuitosha mashine. "Usifanye kitu," akaniambia. "Sikiliza kwa vidole." Nikasikiliza. Chini ya ngozi palikuwa na mtetemo usiokoma, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Mgonjwa alinitazama kwa huruma. Alikuwa amekwisha kufundisha wauguzi wengi kuliko Sista Luz.

Wiki nzima sikuchoma mtu. Niligusa mikono tu, nikapima uzito wa watu walipoingia na walipotoka, nikajifunza kukunja blanketi ili lianzie kwenye nyayo. Damu ikitoka nje ya mwili na kuzunguka kwenye mirija inarudi imepoa kidogo, na hakuna maelezo yatakayompasha mtu moto kama blanketi lililotoka kwenye kabati la joto. Mkitaka kujua muuguzi mzuri wa kazi hii, msimtazame anavyochoma. Mtazameni anavyofunika.

Jambo jingine alilonifundisha Sista Luz ni habari ya kiti kitupu. Mgonjwa anayelalamika yuko mbele yako, unaweza kumsaidia. Asiyekuja, maji na sumu vinamjaa mwilini huko aliko, kimyakimya, naye anaweza kudhani ni uchovu tu. Kwa hiyo kiti kikiwa kitupu, huyo ndiye unayeanza naye. Piga simu kabla hujanywa chai. Luz mwenyewe alistaafu, akarudi kwao kufuga samaki, na kila nikishika simu ile ya ukutani niliona kama amesimama nyuma yangu akinusa kikombe changu.

Watu huota sana kwenye mashine. Hilo halimo katika vitabu vya mafunzo, au limo katika kurasa ambazo sikuzisoma. Saa zile ni ndefu, mwanga wa dirishani unahama polepole ukutani, mashine zinaguna kwa sauti moja, na mtu anaondoka huku mkono wake umebaki nawe. Kulikuwa na mzee Mgiriki aliyeamka kila mara akidhani yuko melini. Aliniuliza tumefika wapi. Mwanzoni nilimwambia yuko Westmead. Baadaye nikaona haidhuru kitu, nikawa namjibu kwamba bahari imetulia. Alifurahi na presha yake ilikaa vizuri. Nawaambieni haya kwa sababu mtafika siku moja mahali ambapo ukweli na presha vitagombana, nanyi mtalazimika kuchagua haraka.

Sasa niwaeleze habari ya viti vya dirishani, kwa maana mmeniuliza mara nyingi na mara zote nimekuwa na mgonjwa wa kuhudumia.

Viti hivyo, mnavijua, vinatazama mjakaranda wa maegesho ya magari. Kwa miaka kadhaa vilikaliwa na watu walewale, asubuhi zilezile. Wa kwanza alikuwa Bi Beverley, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye sauti iliyoweza kumkalisha chini hata daktari. Wa pili Ron, aliyeendesha lori za maziwa maisha yake yote, mkubwa wa mwili na mcheshi kwa makusudi. Wa tatu Mzee Salum, fundi cherehani kutoka Lamu, aliyeshona mapazia kiwandani Fairfield hadi figo zilipomwacha. Wa nne Mama Tereza, Mrundi, aliyelea watoto wake kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku, na ambaye kisukari kilikuwa kimemnyima figo na macho pia.

Ron alimwita kila mwanamume "mate", yaani rafiki, kama wafanyavyo watu wa hapa. Kwa masikio hakuna tatizo. Lakini siku ya kuzaliwa ya Mzee Salum alimwandikia kadi, na Salum akaisoma kwa macho ya Kiswahili, akaigeuza, akaisoma tena. "Mwakio," akaniita, "huyu bwana ameniandikia mate. Ya nini?" Nilipomweleza alicheka mpaka mashine ikapiga kengele. Ron alipoelezwa naye akacheka, na tangu siku hiyo urafiki wao ukaanza. Ron alijifunza neno moja la Kiswahili, "pole", akalitumia kwa kila kitu, hata kuomba chumvi ambayo hakuruhusiwa.

Kusoma kulianza kwa ajili ya Mama Tereza. Bi Beverley aliona haifai mtu akae saa zote hizo gizani, akaamua kusoma kwa sauti. Kiingereza cha Mama Tereza kilikuwa cha dukani na kwa daktari tu, basi Mzee Salum, aliyekaa kando yake, akawa anamfasiria. Beverley alisoma sentensi mbili au tatu, akanyamaza, Salum akazigeuza Kiswahili, Tereza akaitikia kwa kichwa, Beverley akaendelea. Walisoma hivyo kitabu cha mapishi, maisha ya mkimbiaji mmoja, na riwaya ya mapenzi ambayo Ron aliisikiliza huku akijifanya amelala.

Kisha zamu ya kuchagua ikamfikia Ron. Kwenye sanduku la vitabu vya bure pale mlangoni alichukua kimoja kinene, chenye treni na mtu anayekimbia kwenye jalada. Kilikuwa kitabu cha majasusi. Jasusi mmoja aliyestaafu, mwenye goti bovu, anagundua kwamba watu fulani wamepanga kulipua stesheni kubwa siku ya sikukuu, na hakuna bosi anayemwamini.

Wadogo zangu, sijawahi kuona chumba kikichangamka vile. Watu walifika mapema. Walikubali kuchomwa bila kunung'unika ili kitabu kifunguliwe. Ron alikipenda kwa sababu, kwa maneno yake, hakipotezi muda: mtu anatokea, anafanya jambo, tunaendelea. Bi Beverley alikisoma kwa sauti tofauti kwa kila mhusika huku akisikitika juu ya alama za mkato. Mzee Salum alimpenda jasusi kwa ajili ya lile goti. "Anajua maumivu," alisema, "kwa hiyo hawezi kuwa mpumbavu kabisa."

Mama Tereza peke yake alikuwa na shida na kitabu. Mwanzoni kabisa, katika sura ya stesheni, alitajwa mwanamke anayeuza chai karibu na ngazi. Alitajwa mara moja, akapita. Tereza hakumwachia apite.

"Mi nauliza tu," alisema baada ya sura kadhaa. "Ile mama ya chai iko wapi?"

"Hajatajwa tena," Salum alimjibu.

"Lakini bomu itakuja pale pale. Na yeye anachemsha tu maji."

Salum alimfasiria Beverley. Beverley akarudi nyuma kurasa nyingi, akatafuta, akasema hakuna kitu. Ron akasema yule ni wa kupamba stesheni tu, asisumbuliwe. Lakini kila siku kabla kitabu hakijafunguliwa Tereza aliuliza kama kuna habari za mama wa chai, kwa namna ambayo mtu huuliza hali ya jirani aliyelazwa.

Kisha Beverley akafika mahali ambapo mbeba bomu anatajwa jina. Alisita kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo, kisha akalisoma. Jina lilikuwa Salum.

Mzee Salum alifasiri bila kubadili sauti. "Basi, kijana mmoja aitwaye Salum akauchukua mfuko."

"Salum kama wewe?" akauliza Tereza.

"Kama mimi. Yeye mzuri zaidi kidogo."

Wote wakacheka. Kuanzia siku ile Ron akawa na mzaha wake. Mzee Salum alikuwa na mfuko wa kitambaa cha pazia, aliojishonea mwenyewe, na ndani yake aliweka blanketi lake, ndara, na tende ambazo mimi sikutakiwa kuziona. Alipoingia nao, Ron aliuliza chumba kizima kama kuna mtu aliyeukagua mfuko wa Salum. Salum mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Aliufungua, akatoa ndara moja, akamwonyesha Ron kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Ulikuwa mchezo wao, na ulidumu majuma kadhaa.

Ila asubuhi moja Ron aliuliza, na Salum hakuufungua mfuko. Alitabasamu, akauweka chini ya kiti, akausukuma ndani zaidi kwa kisigino. Siku hiyo alifasiri kwa sauti ndogo. Tereza alimwomba arudie mara nyingi.

Jumatano iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilipiga simu kabla ya chai. Haikupokewa. Nikampigia bintiye, Zuhura, aliyefanya kazi katika ofisi ya benki kule mjini kati. Zuhura hunijibu kwa Kiingereza hata nikianza na shikamoo za babake, lakini siku hiyo alihamia Kiswahili katikati ya sentensi. "Baba ametoka asubuhi," akasema. "Nimemwona akichukua mfuko wake." Jioni akanitumia ujumbe kwamba baba yuko nyumbani, amesema alikwenda hospitali kama kawaida. Nikamjibu kwamba hakufika. Usiku walizungumza, na mzee akaahidi kuja Ijumaa.

Ijumaa kiti kikawa kitupu tena. Simu yake ikaita tu. Zuhura akasema kwa mara ya pili kwamba ametoka na mfuko. Mnaijua hesabu hiyo vizuri, sina haja ya kuwafanyia. Mtu asiye na figo, amekosa mara mbili mfululizo, na mwisho wa wiki uko mbele yake. Bi Beverley alikuwa na kitabu mapajani, kimefungwa. Mama Tereza aliniambia nifasiri mimi, nikajaribu ukurasa mmoja, akanikatisha taratibu. "Kaka, wewe unasema kama dokta anasoma majibu. Tungoje Salum." Ron alitazama mjakaranda.

Zuhura akanipigia saa za mchana. Jirani yao alikuwa amemwona mzee stesheni ya Fairfield, amekaa kwenye benchi. Zuhura alikuwa mbali, mjini kati. Mimi zamu yangu ilikuwa inaisha. Nikamwambia nitatangulia.

Nilimkuta kwenye benchi la mwisho, pale jua linapofika. Mfuko alikuwa ameuweka kando, mbali naye kidogo, kama mtu mwingine aliyekuja kungoja treni. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba vikafunika kingo za viatu. Alipumua kwa mabega. Niliita gari la wagonjwa kwanza, nikiwa bado nimesimama, kisha nikakaa.

"Mwakio," akasema. "Umepotea njia?"

"Nimekufuata wewe, mzee wangu."

"Basi kaa. Hapa pazuri."

Treni ikaingia. Milango ikafunguka, watu wakashuka, watu wakapanda, milango ikajifunga. Aliitazama mpaka ikapotea. Nikamuuliza kama Ron amemuudhi.

"Ron? Ron hana neno. Ron namjua." Alipumzika, akavuta pumzi, akaendelea kwa vipande. "Wewe hujui kufasiri kulivyo, mwanangu. Beverley akisoma, maneno yanamtoka, yanakwenda zake. Mimi yananipita mdomoni. Siku zote hizi nimekuwa nikisema: Salum akashika mfuko. Salum akapanda treni. Salum akawatazama watu, akawaona wamekwisha kufa. Nimeyasema kwa lugha aliyonifundisha mama yangu. Jumatano nikasimama hapa. Treni ikaja, ikafungua milango. Ndani watu wamekaa, kuna mtoto anakula ndizi. Nikautazama mfuko wangu. Mwakio, nikauogopa."

"Una blanketi ndani, mzee."

"Najua una blanketi. Nimelitia mwenyewe. Hata hivyo nikauogopa. Nikaona kama nikiingia nao, kitabu kitaendelea."

Nilishika mkono wake, nikaweka vidole pale pa kawaida, nikasikia nyuki yuko kazini. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Zuhura.

"Nimwambie nini? Kwamba babake ameingia kitabuni? Yule ana kazi, ana watoto. Nikakaa hapa, nikasema nitapanda treni inayofuata. Kila moja niliiambia hivyo."

Gari la wagonjwa lilipofika, alinyoosha kidole kwenye mfuko bila kuutazama. "Ubebe wewe." Nikaubeba. Ulikuwa mwepesi. Nilitembea nao kwenye jukwaa lile, nyuma ya machela, watu wakitupisha, na nawaambieni kweli, kwa hatua chache nami niliusikia ukiwa mzito. Nilijikuta nimeushika mbali na mwili.

Walimsafisha damu siku hiyohiyo katika hospitali kubwa, wakamweka hadi maji yalipopungua mapafuni. Zuhura alikaa naye. Nilimweleza yote ukumbini, polepole. Aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili: "Kwa hiyo alikuwa akikaa pale siku nzima?" Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani kwa babake, akaanza kumkata kucha.

Siku aliporudi kwetu, viti vya dirishani vilikuwa kimya kama darasa linalongoja matokeo. Zuhura alimleta kwa gari, naye mzee akauweka mfuko chini ya kiti. Salum alikuwa ameniruhusu niwaeleze wenzake kilichotokea, nami nilikuwa nimeshawaeleza. Bi Beverley alikuwa ameleta kitabu kingine, cha bustani. Akamwambia Salum kwamba kile cha majasusi amekitupa.

"Umekitupa wapi?" akauliza Salum.

Beverley hakuzoea kuulizwa. Akakiri kwamba kiko ndani ya mkoba wake.

"Basi kitoe," akasema Salum. "Sikuhangaishwa na madaktari wote wale ili nibaki sijui mwisho."

Hapo Ron akasafisha koo. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa sauti yake siwezi kuiandika. Alimwambia Beverley: "Mwite Ron."

"Nani?"

"Huyo bwana wa mfuko. Mwite Ron. Jina ni wino tu, nani atakuja kutukagua?" Kisha akamgeukia Salum. "Pole, mate." Na safari hii neno lilikaa mahali pake.

Salum alifikiri kidogo. "Roni," akasema, akilijaribu mdomoni. "Linafasirika."

Wakaendelea hivyo. Beverley alisoma Ron kila palipoandikwa Salum, na kama mwalimu mzuri hakukosea hata mara moja. Salum akafasiri: Roni akashika mfuko. Roni akalala katika chumba kisicho na dirisha. Ron mwenyewe alifurahi siku ya kwanza, akajisifu kwamba amepata kazi kitabuni. Siku ya pili alicheka kidogo. Baadaye akaanza kuuliza maswali.

"Amekula nini, huyu bwana?"

Beverley akatazama. "Haikuandikwa."

"Ana mama? Ana ndugu? Kabla ya haya alikuwa anafanya kazi gani?"

"Haikuandikwa, Ron."

"Mimi ndiye huyo," akasema Ron. "Nina haki ya kujua nimekula nini." Alisema kwa mzaha, lakini mashine yake ilionyesha moyo umeongeza kasi, na mimi nilikuja nikamrekebishia blanketi ambalo halikuhitaji kurekebishwa. Mtu aliyekipenda kitabu kwa sababu hakipotezi muda sasa alitaka kila mtu asimamishwe aulizwe habari za nyumbani.

Sura ya mwisho ilisomwa asubuhi ya mvua. Maji yalitambaa kwenye kioo na mjakaranda ukayeyuka ukawa rangi tupu. Wagonjwa wa viti vya ndani waliomba redio izimwe. Nami nilikuwa na mengi ya kuandika siku hiyo, nikaamua kuyaandikia karibu na dirisha.

Stesheni ikajaa watu wa sikukuu. Jasusi akakimbia kwa goti lake. Ron wa kitabuni akasimama chini ya ngazi na mfuko wake, akingoja. Beverley alisoma, akanyamaza, Salum akafasiri. Beverley alisoma kwamba jasusi aliona uso wa kijana yule katikati ya umati, akatoa bastola, akapiga, na kijana akaanguka. Ron wetu akafumba macho.

Beverley akanyamaza, akingoja. Salum akamgeukia Tereza.

"Basi," akasema, "yule mama wa chai akamwona. Akamwambia, wewe kijana, umesimama hapo tangu asubuhi, kaa. Roni akakaa. Akaweka mfuko chini. Mama akamtilia chai ya maziwa. Treni ikaja, ikafungua milango. Roni akataka kusimama, miguu ikakataa. Milango ikajifunga. Treni ikaenda zake."

Tereza aliachia pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu sura ya kwanza. "Bon, vizuri," akasema. "Na bomu?"

"Wakaja watu wa kazi hiyo, wakalichukua."

"Na yule wa goti?"

"Akafika, anahema. Akaagiza chai na yeye."

Mama Tereza akacheka, kicheko kirefu cha chini, na mkono wake usio na sindano ukaupapasa mkono wa kiti kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto. Beverley alikuwa ameinua macho kutoka kitabuni. Alikuwa amekaa na lugha yetu muda mrefu, akajua urefu wa sentensi zetu. "Mwakio," akaniuliza, "hayo yote yameandikwa hapa?"

"Kwa Kiswahili huwa marefu kidogo," nikamwambia.

Akanitazama kama anavyotazama mwalimu, kisha akasoma aya zilizobaki, za nishani na jua juu ya mto, na Salum akazifasiri neno kwa neno. Kitabu kikafungwa. Ron alikuwa bado amefumba macho. Akauliza Tereza anacheka nini.

Salum akainama upande wake na kumwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Umekunywa chai."

"Na maziwa?" Ron akauliza.

"Na maziwa."

"Afadhali," akasema, na akalala usingizi.

Nimefikiria mara nyingi kama ningepaswa kumwambia Mama Tereza vile ilivyoandikwa. Sikumwambia. Yawezekana alijua, alikuwa ameishi mahali ambapo habari mbaya haihitaji mfasiri. Hata hivyo tangu siku ile hakuuliza tena habari za mama wa chai. Na Mzee Salum alianza kupanda treni tena, kwanza na Zuhura, kisha peke yake. Mfuko ule aliugeuza ndani nje, akaushonea maua ya kitambaa cha njano, makubwa yasiyo na adabu, akasema sasa jasusi yeyote atauona kutoka mbali.

Baada ya hapo walisoma vitabu vingi, na sitawachosha navyo. Nitawaambia tu jinsi Bi Beverley alivyoondoka. Alikuwa katikati ya ukurasa, kitabu cha mabaharia fulani, simu yake ikaita. Huwa haipokei akisoma. Safari hii aliitazama, akapokea, akasikiliza, akasema "ndiyo" na tena "ndiyo". Kisha akaishusha akatuambia kwamba kuna figo ya kumpandikiza, na wanamtaka sasa hivi. Tereza alitafuta mkono wake hewani hadi akaupata. Nilikuja kumtoa sindano, naye akaniomba nisubiri, akamalizia sentensi aliyokuwa ameikatiza, Salum akaifasiri, ndipo akaninyooshea mkono. Kitabu alimpa Ron.

Figo ile ilikubali. Beverley hupiga simu siku za wenzake kuja, kujua wamefika ukurasa gani.

Ron hakuwa amesoma kwa sauti tangu shuleni, na kwa jinsi ninavyofahamu hata shuleni alikuwa akiikwepa zamu yake. Alisoma kwa kidole. Alikwama, akarudi, akakasirika, akasema pole kwa neno, akaendelea. Mzee Salum alimngoja kila mara bila kumsaidia, jambo ambalo nadhani ndilo lililomsaidia. Mabaharia wale walichukua miezi kufika bandari yoyote.

Asubuhi yangu ya mwisho, mnakumbuka, mliniita mara tatu nije nikate keki. Nilikuwa dirishani. Nilikuwa nimeshamtoa Mama Tereza sindano, nimebana pamba mahali pake na dole gumba langu liko juu, nikingoja damu isimame. Ron alikuwa akisoma habari ya mgeni aliyepanda meli hiyo usiku, bila jina, na Salum akifasiri. Damu ikasimama. Nikafunga bandeji. Nikataka kuinuka, Tereza akanishika kiganja.

"Kaka, usiende kwanza," akasema. "Hatujajua huyu mtu ni nani."

Kwa hiyo keki ilingoja. Nilivuta kiti, nikakaa, Ron akaweka kidole chini ya neno lililofuata.